Shajara ya katibu wa kamati ya usalama

Jumatatu

Leo nimefanywa katibu wa kamati ya usalama na afya kazini. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna anayelalamikia mgongo wake kama mimi, na mlalamishi hupewa kazi. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini, ya 2007, inataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati. Kwa muda mrefu tulikuwa 19, na meneja alikuwa akiitaja nambari hiyo kwa fahari. Mwezi uliopita mama wa chai akaandikwa kazi ya kudumu, tukatimia. Mhasibu alishauri chai irudishwe kwenye kandarasi. Meneja alilifikiria hilo, akakataa, kwa kuwa chai ya kandarasi ilikuwa maji ya moto yenye rangi.

Kazi yetu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Mombasa. Sisi wa makaratasi tuko ghorofani. Ghala liko ng'ambo ya ua.

Nimefungua daftari jipya na kuanza na nilichokalia. Kiti changu hupandishwa kwa mtungi wa gesi, na gesi inavuja. Asubuhi nakipandisha mpaka viwiko vyangu vinalingana na meza, kama inavyotakiwa. Kufika saa nne, chai inapoletwa, kidevu changu kiko usawa wa kibodi. Mama wa chai ameniuliza kama naumwa.

Jumanne

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, na skrini yenyewe iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Nimesoma hivyo kwenye kijitabu. Yangu ilikuwa chini mno asubuhi na juu mno alasiri, kwa sababu ya kiti. Nimeanza na asubuhi. Nimeweka chini yake kitabu cha ushuru wa forodha cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho kina unene wa kutosha na hakina hadithi ya kumpotezea mtu muda.

Tatizo ni kwamba kitabu hicho kinahitajika. Kila mteja anapouliza ushuru wa betri au wa matairi, naiondoa skrini, nasoma, nairudisha. Mhasibu amenishauri nitumie toleo la zamani chini ya skrini na hili niliache mezani. Toleo la zamani liko chini ya skrini yake.

Jumatano

Ukaguzi. Nimezunguka na daftari.

Mlango wa dharura upo, na alama yake ya kijani ipo. Umefungwa kwa kufuli kwa ajili ya wezi. Ufunguo anao mlinzi wa usiku, ambaye mchana hulala nyumbani kwake Likoni. Moto ukianza saa tatu asubuhi, itabidi apigiwe simu, aamke, ateremke kivukoni, angoje feri, avuke, apande matatu. Meneja amesema niandike kwamba ufunguo upo. Nimeandika: ufunguo upo Likoni.

Sanduku la huduma ya kwanza limetundikwa mahali pazuri, linaonekana. Ndani mna mkasi, plasta iliyokauka gundi na pakiti ya sukari. Bendeji haimo. Nimeikuta jikoni, imezungushiwa mpini wa birika, maana ule wa plastiki ulivunjika na mama wa chai alikuwa akiungua. Siwezi kusema bendeji haitumiki kwa usalama.

Mtungi wa kuzimia moto ni wa kaboni dioksidi, na ndio unaofaa penye kompyuta. Maji na umeme havipatani. Nimeutafuta mshale wa presha nisiuone. Mitungi ya aina hiyo haina geji, hukaguliwa kwa kupimwa uzito. Basi nimeuteremsha ngazi hadi kwenye mizani ya ghalani. Mizani ile ni ya magunia, chini ya kilo 20 haioni kitu. Nimeupandisha tena. Kwa miaka mingi mtungi huu umekuwa ukizuia mlango wa ofisi ya mbele usijifunge. Nimeutundika kwenye ndoano yake ukutani, palipoandikwa, na upepo wa bahari ukaubamiza mlango, na kikombe cha mhasibu kikaanguka na kuvunjika. Nimeandika: kikombe kimoja. Mhasibu ametaka iandikwe kwamba kilikuwa cha zawadi.

Alhamisi

Mkufunzi amekuja. Ametukalisha kwenye viti vya plastiki kuanzia saa mbili na nusu hadi saa saba, akatueleza madhara ya kukaa muda mrefu. Hatukuweza kusimama, maana aliyesimama aliziba projekta.

Lakini alijua kazi yake. Alitusimulia habari za daktari Mwitalia, Bernardino Ramazzini, aliyechapisha mwaka 1700 kitabu cha maradhi yanayoletwa na kazi. Kuhusu makarani, Ramazzini alitaja mambo matatu: kukaa kutwa, mkono kurudia mwendo mmoja, na akili kukazwa isije ikakosea hesabu ya mwajiri. Mhasibu aliomba jina liandikwe ubaoni, herufi kwa herufi. Naamini litaonekana kwenye fomu yake ya likizo. Ramazzini pia aliwataka madaktari wamwongezee mgonjwa swali moja: unafanya kazi gani?

Kisha zoezi la macho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali futi 20, kwa sekunde 20. Futi 20 ni kama mita 6. Chumba chetu kina mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta, na kabati limekula moja. Ikabidi macho yatoke dirishani, na nje ya dirisha lipo ghala, lori la sukari limerudi kinyumenyume mlangoni.

Wanaume wawili wako juu ya lori. Wanalishika gunia masikioni, kila mmoja upande wake, wanalibembeza mara moja. Chini hamali amegeuka mgongo, ameinama kidogo, kichwani amejivika gunia tupu lililokunjwa pembe moja ndani ya nyingine mpaka likafunika na mabega. Gunia la kilo 50 linamshukia kati ya shingo na mabega. Magoti yanazama, yanarudi. Haondoki kwa kutembea, huondoka kwa kukimbia kidogo kidogo, mkono mmoja kiunoni, kwa sababu mzigo ukisimama nao ndipo unapozidi. Anapanda ubao, anapanda ngazi ya magunia yaliyokwisha kupangwa, anainamisha bega, gunia linalala mahali pake bila kusukumwa. Anarudi akijipangusa jicho lililoingia jasho. Wakati huo mwenzake wa tatu amekwisha kupakiwa.

Sekunde 20 zilikwisha zamani. Mkufunzi aliniuliza kama macho yamepumzika.

Ijumaa

Bango limetundikwa ukutani pa ghala. Mwanamume mwenye ovaroli safi amechutama, mgongo wima, anainua katoni sakafuni. Chini pameandikwa tuinue kwa magoti, tusiinue kwa mgongo. Mzee wa mahamali, ambaye sote tunamwita Ami, alikuja kulitazama kabla ya kwenda msikitini.

"Karani, huyu anabeba nini?"

"Katoni, Ami."

"Mna nini ndani?"

"Haikuandikwa."

"Ni tupu hiyo. Tazama shingo yake."

Akanieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba wao hawainui kitu kutoka chini. Mzigo huwajia kutoka juu. Nimeuliza kama lipo bango la mzigo unaotoka juu. Kwenye katalogi halimo.

Alasiri nimempelekea meneja tarakimu mbili. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya 1991, inaanzia kilo 23, na hapo ni pale hali zote ni nzuri: mzigo uko karibu na mwili, hakuna kujipinda, hakuna haraka. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika pendekezo lake la 1967, linataja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Gunia letu ni kilo 50. Meneja ameipenda ILO.

Ami naye, nilipomsomea, alisema gunia la mahindi lilikuwa kilo 90 na hakuna aliyemsomea chochote.

Jumamosi

Nusu siku. Nimekwenda kliniki kwa ajili ya mgongo. Daktari ameniuliza umri, uzito, bima, kama navuta sigara, kama babu yangu alikuwa na kisukari. Nimengoja lile swali la mwaka 1700. Halikuja. Mwishowe nimejijibu mwenyewe, nikasema mimi ni karani. Akaandika "maumivu ya mgongo", akanipa mafuta ya kuchua na kunishauri nisikae sana. Foleni ya dawa ilikuwa ya kukaa.

Jumatatu

Hamali kijana ameteleza kwenye ubao. Ubao ulikuwa na sukari, maana gunia moja lilitoboka, na sukari juu ya ubao wenye unyevu wa asubuhi hugeuka grisi. Gunia lilianguka upande mwingine, alhamdulillahi, lakini kifundo cha mguu kimevimba hata kiatu hakitoki. Nimekimbilia sanduku. Mama wa chai alikuwa ameshafika mbele yangu, ameifungua bendeji kutoka kwenye birika, bado ina joto. Amemfunga vizuri kuliko nilivyoonyeshwa na mkufunzi. Chai ya saa nne imemiminwa kwa kushikia birika kwa kitambaa cha meza.

Nimechukua fomu ya ajali. Ajali isiyo ya kifo hupelekewa afisa wa eneo taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Meneja amesema fomu si ya kwetu, kwa kuwa kijana si wa kwetu. Ni wa nyapara. Nyapara analipwa kwa lori, naye huwalipa wenzake jioni, palepale uani. Bima ya fidia ina majina 20, na jina lake halimo.

Nimerudi mezani, nimekaa, nikazama na kiti, nikasoma sheria kuanzia mwanzo badala ya kuanzia kamati. Kifungu cha 3 kinasema sheria inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, kwa muda au kwa kudumu. Nimekwenda dirishani nikahesabu. Walikuwa 12. Jumlisha 20 wa ghorofani. Hatukuwahi kuwa 19.

Jumanne

Mwenzetu wa nyaraka amesoma kwamba kusimama ni dawa, akapandisha kompyuta yake juu ya kabati la mafaili na kufanya kazi wima kutwa nzima. Saa kumi alivua viatu. Mwili hautaki kukaa kutwa wala kusimama kutwa, unataka kubadilishiwa. Kesho atakaa.

Kijana wa kifundo amekuja kuomba kazi nyepesi. Ghalani hakuna kazi nyepesi. Ami amempa ya kufagia sukari ubaoni, na malipo yake yatatoka kwenye mgao wa wenzake. Nimeandika hilo daftarini, ingawa sikuona safu ya kuliandikia.

Jumatano

Mkutano wa kwanza wa kamati. Wajumbe nusu ni wa mwajiri na nusu ni wa wafanyakazi, ndivyo inavyotakiwa, na wote wamekuwa wa ghorofani. Niliomba Ami aingie. Ameruhusiwa kama mgeni. Amekaa kwenye kiti changu, na kabla ya ajenda ya pili alikuwa ameshuka nusu. Hakusema kitu. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kwa heshima.

Yaliyopitishwa: viti sita vipya vyenye egemeo la kiuno, vya ofisini. Bango la pili. Kufuli la mlango wa dharura libadilishwe liwe komeo la kufunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Hili limepita bila ubishi, kwa kuwa meneja amegundua kwamba chumba chake ndicho kilicho mbali zaidi na ngazi.

Nimesoma kifungu cha 76, kinachomtaka mwajiri arekebishe sehemu ya kazi, vifaa na kazi yenyewe vimfae mfanyakazi. Nikaomba toroli mbili za magunia na mbao pana zenye vipande vya kuzuia kuteleza. Meneja akamgeukia Ami, akamuuliza kama mahamali wanataka toroli.

"Bwana mkubwa," Ami akasema, "toroli haipandi ngazi ya magunia. Lakini kutoka mlangoni hadi kwenye lundo, ndiyo. Na lundo liwe fupi."

Hilo la lundo kuwa fupi halimo kwenye kijitabu, wala mkufunzi hakulisema, wala mimi sikuliona kutoka dirishani. Meneja amesema lundo fupi linakula nafasi ya sakafu, na nafasi ya sakafu ni pesa. Toroli zitafikiriwa kwenye bajeti ijayo.

Jioni nimepiga simu dukani. Toroli mbili na mbao zake ni nafuu kuliko viti sita. Nimeziambatanisha bei zote mbili kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na hesabu mpya ya watu wanaofanya kazi hapa, na fomu ya ajali iliyojazwa kila mahali isipokuwa penye saini. Siku ya saba ni Jumatatu ijayo.