Mhadhara wa Wazi Kuhusu Kabaka na Agade, Kama Ulivyotolewa na Mtaalamu Mwenyewe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wa Kangemi, akina mama, vijana, na nyinyi mliojibanza mlangoni mkisubiri soda: ketini, elimu imewasili.

Nimetambulishwa hapa kama "mpenzi wa zilizopendwa". Nakanusha. Mpenzi wa zilizopendwa ni mtu wa kufungulia redio Jumapili jioni na kufuta machozi kwa kitambaa cha meza. Mimi ni Msanturi Mkuu wa Nairobi Magharibi, cheo nilichojitunuku baada ya waliopaswa kunitunuku kukawia mno. Himaya yangu ya kitaaluma inaanzia Museum Hill, inapanda Westlands, inakata Lavington hadi Kawangware, na inakomea Uthiru. Yanayosemwa kuhusu muziki ng'ambo ya Uthiru yanasemwa bila idhini yangu.

Mada ya leo ni Daudi Kabaka na George Agade, wawili walioimba "Helule Helule" na kwa kufanya hivyo wakaanzisha roki ya kiasili duniani. Naona mama pale anatikisa kichwa. Mama, subiri ushahidi.

Roki ya kiasili ni nini? Ni gitaa kavu lililochomekwa stima. Ukitaka ufafanuzi mrefu zaidi, nenda chuo kikuu ukalipe karo. Wamarekani wanajigamba na wawili wao, Simon na Garfunkel. Hao waliimba "The Sound of Silence" kwa gitaa kavu mwaka 1964, na haukununuliwa. Mwaka uliofuata prodyuza wao, Tom Wilson, akaita wapigaji wengine studioni, akabandika gitaa la umeme na ngoma juu ya rekodi ileile, wenyewe hawana habari. Januari 1966 wimbo ukashika namba moja Marekani. Kwa hiyo umaarufu wao wote ni kazi ya fundi wa stima aliyefanya kazi bila kuulizwa. Sisi hapa Nairobi tulikuwa tukichomeka kwa hiari yetu.

Tuanze na ukavu wenyewe. Kabla ya stima kulikuwa na omutibo, na kabla sijaendelea naomba wote wenye asili ya Kakamega na Vihiga wasinisaidie. Omutibo hupigwa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linashikilia besi chini, cha shahada kinachombeza juu, na mtu mmoja anasikika kama watatu waliokubaliana. Bwana wa mtindo huo alikuwa George Mukabi, yule wa "Sengula Nakupenda", aliyeuawa mwaka 1963 angali kijana. Pembeni ya gitaa anakaa mtu wa chupa. Si chupa yoyote! Inatakiwa Fanta, ile ya kioo yenye mikunjo kiunoni, na kipande cha chuma mkononi. Anaikwaruza ile mikunjo kwenda na kurudi, halafu anaigonga shingoni mara moja, kwaru-kwaru-ti, kwaru-kwaru-ti, usiku kucha, na asubuhi soda yenyewe haijanyweka kwa sababu chupa ilikuwa tupu tangu mwanzo. Nimewahi kupendekeza chupa hiyo iwekwe kwenye jumba la makumbusho. Barua yangu bado inasafiri.

Sasa Kabaka. Alizaliwa Uganda mwaka 1939, akapewa jina la mfalme, na baadaye Nairobi ikamvika ufalme wa pili: mfalme wa twisti. Twisti ilitoka Marekani na Chubby Checker mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini ilipofika kwetu ilivuliwa koti. Katika studio ya Equator, chini ya Mzungu aitwaye Charles Worrod, walikusanyika watu ambao leo kuwaweka chumba kimoja kungehitaji kibali cha polisi: Fadhili William wa "Malaika", Gabriel Omolo, na kutoka Zambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi, waliokuja na magitaa yenye harufu ya kwela ya kusini. Kwela ikaingia kwenye twisti, vidole vya Waluhya vikaingia kwenye kwela, na kikatoka kitu ambacho kiuno kinakielewa kabla ya kichwa. Kuhusu nani hasa alitunga "Malaika" sitasema lolote. Yupo Adam Salim wa Tanzania aliyedai ni wake, upo ukumbi huu uliojaa watu wa Fadhili, na nauli yangu ya kurudi ni ya matatu, si ya ambulensi.

Ndiyo, mzee wangu wa kofia? Unauliza, "Na Agade?" Swali zuri. Nitafika.

Kabaka aliimba "Harambee Harambee", ambao mpaka leo hupigwa sikukuu za kitaifa, hata na watu ambao mchango wao wa mwisho wa harambee ulikuwa ahadi. Aliimba "Msichana wa Elimu". Aliimba "Pole Musa". Aliimba mengi, na nusu ya dunia haikujua.

Nusu nyingine ilijua mwaka 1968. Hapa naomba mkae wima. Kuna bendi ya Uingereza inaitwa The Tremeloes, vijana wa Dagenham. Tarehe 1 Januari 1962 kampuni ya Decca ilisikiliza bendi mbili London siku moja: hao, na vijana wanne kutoka Liverpool walioitwa Beatles. Decca ikawachukua Tremeloes, ikawarudisha Beatles kwao. Miaka sita baadaye, Tremeloes hao hao, walioonekana bora kuliko Beatles, wakakosa wimbo nyumbani kwao, wakaazima wa kwetu. Wakaimba "Helule Helule", ukapanda hadi namba 14 kwenye chati ya Uingereza. Sasa tumieni akili. Tremeloes waliwashinda Beatles. Kabaka aliwapa Tremeloes wimbo. Kwa hiyo Kabaka aliwashinda Beatles. Hii inaitwa mantiki, na iligunduliwa na Wagiriki, kisha nikaiboresha.

Msiniulize pesa za namba 14 zilikwenda wapi. Mirabaha ni somo jingine, na huwa nalifundisha gizani, kwa wasikilizaji wasio na presha. Ninachoweza kusema ni kwamba Fadhili alifariki Februari 2001 na Kabaka Novemba mwaka uleule, na katika mazishi ya wanamuziki wetu hotuba ndefu zaidi hutolewa na watu ambao hawakuwahi kununua santuri hata moja. Nimezitoa kadhaa mwenyewe.

Tuje kwenye hisabati, uwanja wangu halisi. Santuri ndogo inazunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo wa dakika tatu, basi, ni mizunguko 135. Matatu ya Kawangware ni namba 46. Mnaona? Kati ya santuri na Kawangware pana pengo la moja tu! Vijana wanacheka. Newton naye alichekwa.

Mzee wangu, nimesema nitafika kwa Agade. Nidhamu. Unasema jina lake limeandikwa kwenye santuri yenyewe, "Daudi Kabaka na George Agade"? Naam, limeandikwa, nami nimelisoma kwa miwani miwili. Ndiyo maana nimeuita huu mhadhara kuhusu wawili. Kuhusu wa kwanza nimezungumza saa nzima. Kuhusu wa pili nimetaja jina lake kwenye kichwa cha mada, tena kwa herufi kubwa. Watafiti wenzangu hata hilo hawafanyi. Sauti ya pili, mzee, kitaaluma ni kitu cha kuegemea. Ipo ili ya kwanza isianguke.

Samahani? Unataka kuonyesha nini? Mheshimiwa Mwenyekiti, ratiba haina onyesho. Huyu mama wa kwaya naye anasimama kwa ruhusa ya nani? Mama, nakuomba... Haya, ameanza sauti ya juu. Ni ya Kabaka, ndiyo, naitambua, mimi ni mtaalamu. Na mzee ameingia chini yake, hatua mbili chini, anamfuata neno kwa neno kama kivuli cha saa tisa. Sasa amenyamaza makusudi. Mama anaendelea peke yake. Kumbe inakuwa nyembamba namna hiyo? Mzee amerudi. Ukumbi mzima unapiga makofi kwenye pigo la chupa, hata mlangoni kule.

Mwenyekiti, wazimie kipaza sauti. Hawana? Basi iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba swali la mzee kuhusu George Agade halikujibiwa kwa sababu halikuwasilishwa kwa maandishi, nakala tatu, siku kumi na nne kabla ya mhadhara. Na bahasha yangu naomba nipewe sasa, kabla hawajaanza ubeti wa pili.