Trans Bila Nzoia
Ukitaka kumdhalilisha mtu wa Kitale bila kumtukana, mwandikie programu ya lugha ya C inayomuuliza kaunti yake, kisha upokee jibu kwa funksheni ya scanf na alama ya %s. Atachapa "Trans Nzoia", nayo programu itahifadhi "Trans". Kwa scanf, nafasi tupu ndiyo mwisho wa neno, na haijali wala hairudi nyuma. Nzoia nayo haitupwi. Inabaki foleni, na swali linalofuata, tuseme jina la mama, linapata jibu kabla mtu hajagusa kibodi: mto Nzoia mzima umegeuka mama yake. Jirani wa Bungoma, ambaye kaunti yake ni neno moja, anapita akicheka.

Kicheko hicho hakifiki mbali. Kaunti zetu za Kenya ni 47, na kwa namba Trans Nzoia ni 026, Bungoma 039. Zikisomwa kwa %d, salama. Zikisomwa kwa %i, sifuri ya mwanzo inaiambia scanf kwamba hesabu hii ni ya msingi wa nane. Mbili mara nane ni 16, ongeza 6 upate 22, na 22 ni Kiambu: mtu wa Kitale amehamishwa bila kulipa nauli. Ya Bungoma ni balaa tupu. Katika msingi wa nane hakuna tarakimu 9, kwa hiyo scanf inachukua 03, inaiona 9, inagoma. Namba 3 ni Kilifi, basi mkulima wa miwa sasa ni mtu wa pwani. Ile 9 iliyogomewa inangoja swali lijalo, na likiwa ni kaunti ya mkewe, mke ametoka Mandera. Ndoa imenyooshwa kutoka Bahari ya Hindi hadi mpaka wa Somalia, na yote ni kanuni ikifuatwa sawasawa. Hapo ndipo hasira yangu huchanganyika na heshima.

Nasema kosa si la aliyechapa. Funksheni nyingi za C hutangaza mapema zitapewa nini. Scanf hutangaza fomati (zile %s na %d), halafu nukta tatu, yaani "na vinginevyo". Ikishaitwa, haijui imepewa hoja ngapi wala za aina gani. Inachojua ni fomati tu, nayo huiamini kama makanga wa Kitale aliyepewa orodha ya mizigo na vikaratasi vya kuonyesha pa kuishushia. Orodha ikisema mizigo mitatu na vikaratasi ni viwili, makanga mwenye akili hupiga simu. Scanf huokota kikaratasi chochote kilicho sakafuni, hata tiketi ya jana, na kushusha gunia hapo. Ukisahau alama ya &, umempa makanga idadi ya kuku walio nyumbani badala ya njia ya kufika nyumbani, naye ataitafuta nyumba kwa idadi ya kuku. Ukitaka kuandika funksheni yako yenye nukta tatu, huwezi kuzipitisha hizo nukta hivi hivi: unazifunga kwenye va_list kwa va_start, unamkabidhi vscanf furushi, unamaliza kwa va_end. Furushi nalo halina hesabu. Na kiwango cha C cha 1989 kilikuwa na vprintf, ya kuandika. Vscanf, ya kusoma, ilingoja hadi kile cha 1999. Miaka kumi lugha iliweza kumtuma mtu akaseme kwa niaba yako, lakini si akasikilize. Sishangai, waunda mifumo wengi bado wako huko.

Kuna watakaosema fundi halisi husoma mstari mzima kwa fgets, akauchambua kwa sscanf, akakagua idadi ya sehemu zilizojazwa. Kweli kabisa, ila scanf ndiyo hufundishwa mwanafunzi wa juma la kwanza, na kifaa cha mwanagenzi hakipaswi kungoja fundi. Wengine watasema kompaila za siku hizi huonya. Huonya fomati isipolingana na hoja, ikiwa zinaiona fomati yenyewe. Ukiipitisha kwa vscanf ndani ya funksheni yako, hunyamaza mpaka uibandikie funksheni hiyo alama maalumu. Wala hakuna kompaila itakayokuonya kwamba 026 si 22, au kwamba Trans Nzoia ni jina moja.

Anayeniudhi ni yule wa tatu, asemaye watu waandike tu Trans-Nzoia kwa kistari. Basi West Pokot, Uasin Gishu, Tana River na Homa Bay nazo zipigwe kistari, kwa kuwa mtu mmoja alichoka kuiambia scanf isome mpaka mwisho wa mstari: %29[^\n].