Usimng'arishe Mtu Meno Kabla Hujajua Leya

Mwanafunzi akifungua programu ya kuhariri picha kwa mara ya kwanza, hukimbilia vichujio. Binamu yake anageuzwa zambarau, meno yanang'arishwa mpaka watoto wanakimbia. Uzuie mkono huo. Kwanza nakili picha, hifadhi nakala kwa jina jingine, na ile ya asili usiiguse tena.

Programu ya wizi kwenye flashi ya mwenzako wa bweni iache na virusi vyake. GIMP ni ya bure na ni halali. Waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1995: Spencer Kimball na Peter Mattis. Hata Photoshop ilianza mwaka 1987 mikononi mwa Thomas Knoll, aliyekuwa akisomea uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan. Ni kazi ya wanafunzi wenzako, usiiogope.

Sasa leya. Hapa kaa hata wiki nzima. Leya ni kama vioo vilivyopangwa juu ya picha: ukichora kwenye cha juu, cha chini hakidhuriki. Tuseme unatengeneza bango la mahafali. Picha ipe leya yake, jina leya yake, tarehe leya yake. Mwenyekiti wa kamati akija saa nne usiku kusema tarehe imesogezwa, unabadilisha tarehe tu, unalala. Aliyebandika kila kitu kwenye leya moja anakesha.

Ukitaka kuondoa mandhari ya nyuma, weka kifutio pembeni. Tumia maski ya leya: ukipaka nyeusi unaficha, ukipaka nyeupe unarudisha. Sikio ulilolikata kwa haraka linarudi kwa brashi nyeupe. Lililofutwa na kufungiwa ndani ya faili halirudi.

Kupunguza kingo na kurekebisha mwanga utavizoea upesi. Ukubwa ndio usiufanyie mzaha. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 2480 kwa 3508, na picha iliyozungushwa WhatsApp kwa kawaida haifiki huko. Ukiivuta unaongeza ukungu tu. Mwombe mwenye picha akutumie kama dokyumenti.

Kazi ikiisha, hifadhi faili la XCF, la GIMP yenyewe, lenye leya zote, ndipo utoe JPEG ya kupeleka stesheneri. JPEG haibebi leya, na kila ukiihariri na kuihifadhi upya inapungua ubora. Mchapaji mpe JPEG. XCF ibaki kwako, maana mwenyekiti hajamaliza.