Kuharisha hakungoji maji yajae
Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,



Naanza kwa kuomba radhi. Najua mezani kwako yamo mafaili ya mikoa yote, na kila moja lina haki ya kufunguliwa kwanza. Najua pia kwamba zahanati zetu zinasimamiwa na wenzako wa TAMISEMI, kwa hiyo baadhi ya haya nitakuomba uyafikishe kwao kwa heshima yako, maana neno likitoka kwako lina uzito kuliko likitoka kwangu. Nimekuandikia wewe kwa sababu mlezi mkuu wa afya ya watoto wa nchi hii ni wewe, na mtoto akiumwa, mtu humwendea mlezi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, bibi wa wajukuu sita, mzaliwa wa delta ya Rufiji upande wa Kibiti. Nitashukuru sana ukinipa dakika chache.

Mheshimiwa, barabara yetu inaishia Nyamisati. Kutoka hapo safari ni ya maji. Kiongoroni, Mbuchi, Maparoni na Msala zimekaa ndani ya mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika mwambao huu wa Afrika Mashariki. Tumezungukwa na maji pande zote, lakini ya kunywa ni ya kutafuta. Visima ni vifupi, na bamvua likija maji yake yanaingia chumvi. Ukichimba shimo la choo, hujafika kiunoni umeshakutana na maji. Mafuriko yakishuka kutoka bara, kilichokuwa chooni na kilichokuwa kisimani vinakutana. Ndiyo maana huku kwetu tumbo la mtoto ni habari ya kila siku.

Naomba nikueleze siku moja tu.

Ilikuwa mwaka 2024, mafuriko ya Aprili yaliyoingia Rufiji na Kibiti yalipokwisha kupungua. Tulikuwa dunguni, tunaamia ndege kwenye mpunga uliosalia. Mjukuu wangu wa miezi kumi na mmoja alianza kuharisha alfajiri, majimaji matupu. Hadi jua la utosi alikuwa amekwenda mara saba. Mama yake alikuwa ameacha kumnyonyesha, maana jirani alimwambia maziwa ndiyo yanayoongeza. Nilipompokea, macho yalikuwa yameingia ndani na utosi umebonyea. Alikuwa analia bila machozi. Nilimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili nikaiachia, ikabaki imesimama kama kunjo la kanga mbichi, ikarudi taratibu. Hapo nikajua hali si nzuri.

Mtumbwi ulikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo. Yalikuwa yamekupwa na mtumbwi umelala juu ya tope, na mtu hawezi kuubeba mtumbwi kwenda zahanati. Ilikuwa lazima tungoje karibu saa sita.

Kwenye kapu langu nilikuwa na pakiti mbili za ORS. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikapima lita moja kwa chupa, nikamimina pakiti moja nzima. Nikaanza na kijiko. Alitapika. Nilingoja kama dakika kumi, nikaanza tena polepole zaidi, kijiko, kisha kijiko. Mama yake nikamrudishia mtoto kifuani, akanyonya kidogo akalala, akaamka akanyonya tena. Maji yalipoanza kupanda mkondoni, mtoto alikojoa mapajani mwangu. Mheshimiwa, nimepata vyeti katika maisha yangu na nimepewa mkono wa heshima siku ya kustaafu, lakini sijawahi kushukuru kitu kama nilivyoushukuru mkojo ule.

Tulipofika kwenye huduma tulipokewa vizuri. Vidonge vya zinki vilikuwa vimekwisha. Sikutaja ni wapi na sitataja, kwa kuwa muuguzi aliyetupokea alikuwa peke yake na alifanya kila alichoweza, na mimi sikuandika ili nimchongee mtu.

Ninachotaka kusema, kwa unyenyekevu wote, ni hiki: dawa ya kuharisha ni nyepesi kuliko karibu dawa zote, ila kwetu inakaa ng'ambo ya maji. Mtoto anaweza kukauka ndani ya mchana mmoja, na mchana huohuo mlango wetu unafungwa na kufunguliwa na bahari.

Na kuna lingine, ambalo watu hawaliandiki kwenye taarifa. Ni aibu. Huku pwani mtoto anayenyonya akianza kuharisha na kudhoofika, watu hunong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wamekutana kabla ya wakati. Mama akishasikia mnong'ono huo, hatoki. Atampeleka mtoto zahanati akachekwe kwenye benchi? Atamfunika kanga, atamtafutia dawa ya kuoga usiku, na siku mbili zitapita. Wengine husema ni chango, wengine husema ni meno. Meno yasingekuwa neno kama ingekuwa ni kungoja tu, lakini wapo wanaodai ni meno ya plastiki, na mtoto mchanga hukatwa fizi kwa kitu kisicho safi ili jino changa liondolewe. Jino lile halina kosa lolote. Linachomoza katika umri uleule ambao mtoto anaanza kutambaa, kuokota vitu na kutia mdomoni, na kula uji uliopoa muda mrefu. Kinachomharisha ni vijidudu anavyovimeza, na vijidudu havimuulizi mama amelala na nani. Nimelisema hili mbele ya akina mama wenzangu bila kuona haya, na ningefarijika sana likisemwa pia na sauti ya serikali, kliniki, siku ya mizani, baba akiwa amekaa pale pale.

Kwa idhini yako, Mheshimiwa, niwageukie kidogo hao akina mama na akina baba, maana wao ndio watakaosoma barua hii kabla haijakufikia.

Wapendwa, si kila tumbo ni la kukimbiza. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kama tumbo ni laini, ananyonya na anacheka, mwacheni. Msimwekee kipande cha sabuni nyuma. Anayecheua kidogo baada ya kunyonya na anaongezeka uzito, ni maziwa tu yaliyorudi. Mkubwa kidogo anayepata choo kigumu huhitaji maji zaidi, papai, mboga za majani. Minyoo ina dawa yake, na hutolewa pamoja na matone ya vitamini A. Siku ya kampeni ikitangazwa, msiipitishe.

Kuharisha ndiko kusikongoja. Choo cha maji kikianza, mpe ORS siku hiyohiyo: chini ya miaka miwili, robo hadi nusu kikombe kila anapokwenda, juu ya hapo, nusu hadi kikombe kizima. Iliyobaki baada ya saa 24 mwageni. Pakiti isipokuwepo, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, hasa chumvi, kwa kuwa ikizidi inadhuru. Ziwa asinyimwe, chakula asinyimwe. Vidonge vya zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakaza, kwani ndivyo vinavyomkinga asirudie upesi. Vile vidonge vya rangi mbili vya dukani msimpe kwa kukisia.

Lakini ukiona damu kwenye choo, ukiona anatapika kila kitu, hawezi kunywa wala kunyonya, amelegea hashtuki, macho yamezama, hakojoi, ana homa kali au degedege, hapo usingoje kesho. Hata kama ni kuharisha kusikotisha, kukifika siku 14 ni lazima aonekane. Mchanga wa chini ya miezi miwili aonekane mara moja. Matapishi ya kijani, tumbo lililovimba na kukaza bila choo, au mtoto anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu kisha akatoa choo chenye damu na utelezi kama jeli, hayo yanaweza kuwa ya utumbo kujifunga au kuingia ndani ya utumbo, na dawa yake iko hospitali, si dunguni wala kwa fundi.

Nirudi kwako, Mheshimiwa, na uniwie radhi kwa kukuacha umesimama.

Maji haya ya chumvi na sukari, ambayo ndiyo ORS yenyewe, yalikomazwa katika delta kama yetu. Mwaka 1968 kule Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuokolewa kwa kunywa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu za wagonjwa mchanganyiko huo wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka takribani 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kisha shirika la BRAC, kati ya 1980 na 1990, likatuma wanawake nyumba kwa nyumba katika Bangladesh, kaya zaidi ya milioni 12, kumfundisha kila mama kupima chumvi kwa vidole vitatu na sukari guru kwa kiganja. Malipo ya wale walimu yalitegemea mama alikumbuka nini alipoulizwa baadaye. Kama mwalimu, sijawahi kusikia utaratibu wa kufundisha unaonipendeza kuliko huo. Kule nako ni mito, matope na mafuriko.

Tena hatuna haja ya kutazama mbali. Mpango wa TEHIP, ulioanza miaka ya 1990 chini ya wizara yako, ulifanyika Morogoro Vijijini na hapa Rufiji, wakati Kibiti ikiwa bado ndani yake. Wilaya ziliangalia kwanza watoto wanakufa kwa nini, ndipo zikapanga fedha, na nyongeza yenyewe ilikuwa takribani dola 1 ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Nchi nyingine zilikuja kujifunza kwetu. Na chanjo ya rotavirusi, iliyoingia nchini mwanzoni mwa 2013, imewafikia hadi wajukuu zangu. Kwa hilo tunaishukuru sana Serikali, na ninalisema kwa moyo mweupe.

Basi maombi yangu ni madogo mbele ya uwezo wako. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Naomba vitongoji vya delta visiwe vya mwisho kwenye orodha, na kila mhudumu wetu awe na ORS na zinki nyumbani kwake kabla masika hayajaanza, kwa sababu masika yakishaanza hata shehena haifiki. Naomba pia kuhusu namba 115. Huduma ya m-mama, inayopigiwa namba hiyo, imewabeba wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga bila kuwauliza nauli, na tangu izinduliwe nchi nzima mwaka 2022 imekuwa heshima kubwa kwa wanawake. Mjukuu wangu wa miezi kumi na mmoja hakuwa mchanga tena. Mahali ambapo gari ni boti na boti ni mafuta, na mafuta ni pesa ambayo mama hana saa nane za usiku, naomba 115 imjibu pia mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye dalili za hatari, angalau katika kata za visiwani na deltani.

Yule mtoto sasa anakimbia. Pakiti mbili zile zilibaki kapuni kwa bahati tu, zilikuwa za mtu mzima aliyepona mapema. Nakuomba sana, Mheshimiwa, uhai wa mtoto wa dungu la jirani usitegemee kilichobaki kwenye kapu la bibi.

Ndimi mtiifu wako,
Mwalimu mstaafu,
Delta ya Rufiji, Kibiti