Adhabu ya Kuzima Taa

Hakuna fedheha mbichi kama ya mtu aliyezima taa mwezi mzima kwa uaminifu, kisha akaletewa bili kubwa kuliko ya jirani aliyeziacha zikiwaka. Mjini Houston, jimboni Texas, fedheha hiyo haihitaji mita mbovu wala karani mla rushwa. Ni halali kabisa, imeandikwa kwenye mkataba, na mteja ameiridhia mwenyewe kwa kubofya. Chukua kifurushi cha aina inayouzwa sana huko: senti 15 kwa uniti, gharama zote humo humo, na punguzo la dola 100 kila mwezi ambao matumizi yamefika uniti 1000. Aliyetumia uniti 1000 kamili anadaiwa dola 150, anakatiwa 100, analipa 50. Aliyejibana akaishia 999 analipa dola 149 na senti 85. Uniti ile moja, inayotosha kupiga pasi mashati machache, imemgharimu karibu dola mia kwa kosa la kutoitumia.

Hesabu hii inastahili kufuatwa hadi mwisho, kwa kuwa uzuri wake umo mwishoni. Jioni ya siku ya kufunga mwezi, mteja aliyesimama kwenye uniti 960 akiwa na akili timamu anapaswa kuwasha oveni, kuiacha mlango wazi, kisha kuwasha kiyoyozi kipambane nayo mpaka usiku. Uniti 40 za upuuzi zitamgharimu dola 6 na kumwokolea 100. Mwanauchumi atakwambia huyo ndiye mnunuzi makini. Mkewe atasema maneno mengine. Isitoshe, siku yenyewe ya kufunga mwezi si ile ya kalenda. Mita ina mzunguko wake, huu wa siku 29, unaofuata wa siku 32, na wala si mteja anayeupanga. Mita hiyo hiyo huandika matumizi kila baada ya dakika 15. Muuzaji mwenye maelfu ya wateja anajua vizuri kwamba mwezi Agosti kiyoyozi cha Houston hakilali na punguzo litapatikana, na kwamba Aprili watu watafungua madirisha, washuke hadi uniti 700, walipe bei nzima. Kwa hiyo kinachouzwa ni kamari juu ya hali ya hewa na tabia za nyumba yako, na anayejua uwezekano wa kushinda ni upande mmoja tu.

Mambo haya hayakuzuka kwa bahati mbaya. Sheria iliyofungua soko la umeme la Texas ilitiwa saini mwaka 1999 na George W. Bush, wakati huo gavana, na ushindani wa rejareja ukaanza tarehe 1 Januari 2002. Nguzo, nyaya na mita zilibaki mikononi mwa kampuni moja kwa kila eneo, CenterPoint kwa Houston na Oncor kwa Dallas, na ada yao ni ile ile hata ukihama muuzaji kila wiki. Miji ya Austin na San Antonio, yenye mashirika yake ya umeme, ilikaa pembeni ikitazama. Umeme unaoingia nyumbani hautofautiani kwa chochote: hauna chapa, hauna ladha, na ukikatika unakatika kwa wateja wa kampuni zote za mtaa kwa pamoja. Ni kama wachuuzi mia wanaoteka maji kisima kimoja na kuyapitisha kwenye bomba moja. Kilichobaki cha kushindania ni namna ya kutaja bei. Hoja yangu yote iko hapo. Bidhaa ikiwa moja, ubunifu wa muuzaji huhamia kwenye hesabu, na hesabu ngumu humlipa kuliko nyepesi.

Serikali ya jimbo ilijaribu kumsaidia mteja. Ilianzisha tovuti ya Power to Choose, ambamo kila kifurushi hutajwa kwa bei ya wastani kwa mtumiaji wa uniti 500, 1000 na 2000. Nia njema kabisa. Wauzaji walivitazama vipimo hivyo vitatu kama mwanafunzi aliyepewa maswali ya mtihani siku moja kabla. Kifurushi chetu cha hapo juu, kwenye uniti 1000, kinasomeka senti 5, na ukizipanga bei kwa kipimo hicho kinaruka juu ya orodha. Kwenye 500 ni senti 15, kwenye 2000 ni senti 10, na kwenye 999 hakuna anayeuliza. Kuna pia umeme wa bure usiku, ambao mchana huulipia. Kuna wa bure wikendi: soma sentensi iliyopita.

Atakayetetea soko atasema mteja ni mtu mzima na asome. Kweli, sheria inadai kila kifurushi kiwe na karatasi ya maelezo, na karatasi hiyo haidanganyi. Mwenye bili za miezi 12, jedwali na jioni tulivu anaweza kupata bei nzuri sana, na wapo wanaoipata. Lakini jioni hiyo irudiwe kila mkataba unapokwisha, kwa makumi ya vifurushi, maisha yote. Kazi imekuwa nzito kiasi kwamba zimezaliwa kampuni zinazotoza ada ya kila mwezi ili zikuchagulie kampuni ya umeme. Na jumla yake? Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilipiga hesabu likakuta kwamba tangu 2004 wateja wa soko huria Texas walikuwa wamelipa dola bilioni 28 zaidi ya ambazo wangelipa kwa bei za kampuni za mtindo wa zamani.

Hapa kicheko kinanikauka, maana fedha hizo zina wenyewe. Uingereza, iliyopita njia hii mapema zaidi, iliitaka mamlaka yake ya ushindani ichunguze, na mwaka 2016 ikaripoti kwamba wateja walikuwa wakizidishiwa pauni bilioni 1.4 kwa mwaka. Karibu asilimia 70 ya wateja wa kampuni sita kubwa walikuwa kwenye bei ya kawaida, ile anayoangukia asiyechagua. Wasiohama mara nyingi walikuwa wazee, wapangaji, wenye kipato kidogo na wasiosoma sana. Bei tamu ya mwenye jedwali inachangiwa na bibi asiye nalo. Texas nako, familia ya Wakongo iliyofika Houston kama wakimbizi haina historia ya mikopo. Huenda ikadaiwa amana, au iangukie umeme wa kulipia kabla. Na waliotaka kumkwepa mchuuzi kupitia kampuni ya Griddy, kwa ada ya dola 9.99 kwa mwezi na bei ya jumla, walikutana na dola 9 kwa uniti katika baridi ya Februari 2021. Bili zilifika maelfu, kampuni ikafilisika mwezi uliofuata, na mwaka huo huo vifurushi vya bei ya jumla vikapigwa marufuku kwa nyumba.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana haki ya kuniuliza kama nimesahau ukiritimba na giza lake. Sijasahau. Ila kushindana katika kuzalisha umeme ni jambo moja na kushindana katika kuandika bili ni jingine. Mitambo ya upepo iliyoifanya Texas iongoze Marekani ilijengwa na wazalishaji wanaoshindana, na ingeweza kuwepo hata kama Houston ingekuwa na muuzaji mmoja anayedhibitiwa. Wala mstari wa ghafla kwenye bei si mgeni kwetu: mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, anajua bei inayompata akivuka uniti 75 kwa mwezi. Ule angalau humwadhibu anayezidisha.

Dawa si ngumu. Rekodi za mita zipo tayari, saa kwa saa. Tovuti ya serikali ingeweza kulazimishwa kuzipanga kampuni kwa tarakimu moja tu: dola ambazo nyumba hii, kwa matumizi yake ya mwaka jana, ingelipa mwaka mzima. Siamini wauzaji watashangilia. Kwa sasa kilicho salama zaidi ni kifurushi kinachochosha kukisoma, chenye bei moja kwa kila uniti, bila punguzo wala zawadi. Tarehe ya mwisho wa mkataba iandikwe ukutani, kwani katika siku 14 zinazoitangulia mteja anaruhusiwa kuhama bila faini. Akizikosa, umeme hautakatika. Utaendelea mwezi kwa mwezi, kwa bei atakayoipanga muuzaji.