Kombi Chini ya Mwembe

Kombi iliingia uani kwetu Chumbageni ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la machungwa kutoka Muheza. Mume wangu alikuwa kwenye usukani. Breki hazikushika, na mwembe ndio uliomsimamisha. Mpaka leo bampa ya mbele ina alama ya gome.

Ni Volkswagen ya mwaka 1973, ya toleo lile lenye kioo kimoja kipana mbele, lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1967. Kombi za kubeba watu tulizizoea wote zamani. Hii ilikuwa nyumba: benchi linalokunjuka likawa kitanda, meza ya kukunja, kabati la vyombo, jiko dogo la gesi, na paa linaloinuka, lenye kuta za turubai. Mume wangu aliwaza kwenda nayo Saadani, alale akisikia mawimbi. Mimi niliwaza chumba. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na watu wanane, na kila kona ina mwenyewe. Nilitaka pahali pamoja ambapo hakuna wa kusema ni pake.

Kwa hiyo nilianza na mapambo, na hapo ndipo tulipokosea njia. Nilikwenda Ngamiani nikanunua rangi ya maziwa na ya kijani. Nikashona mito mikubwa, nikaijaza sufi kutoka mti wa jirani. Sakafuni nikatandika zulia la katani, maana gari likikaa Tanga lazima litandikiwe kitu cha Tanga. Isitoshe, mama mkwe wangu ni wa Pangani, na ng'ambo ya mto wao, Kikogwe, ndiko Mjerumani Richard Hindorf alikopanda mkonge mwaka 1893. Aliagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida, vikafika hai 62. Mashamba yote yale tuliyoyakuta tangu Korogwe mpaka baharini yalitokana na hivyo 62.

Madirishani nikatundika kanga. Nilichagua moja yenye rangi ya chungwa, nikaikata vipande viwili vya kulingana na vioo. Jioni ile tulikunywa chai humo ndani, watu wanane, magoti yakigusana, taa ikining'inia kwenye ndoano ya paa. Mtoto wetu wa mwisho alilala mapajani kwangu kabla ya kumaliza andazi lake. Kwa jioni ile moja tu, sijutii chochote kilichofuata.

Vuli ilinyesha usiku wa tatu. Raba za vioo zilikuwa zimekauka na kupasuka, nasi hatukuzikagua. Maji yaliingia taratibu, yakashuka na mapazia, yakanywewa na zulia. Juu palikauka upesi, tukadhani yameisha. Kumbe chini katani iliyalalia maji juu ya bati wiki mbili nzima, na hewa yetu ina chumvi hata siku isiyo na mvua. Nilipoinua ukingo wa zulia, bati lilikuja nalo, jekundu kwa kutu, likivunjika vidoleni kama kaukau.

Fundi bodi alikuja na sumaku mfukoni. Aliipitisha ubavuni mwa gari polepole: hapa inang'ang'ania, pale inadondoka.

"Dada, hapa hakuna bati. Hii ni pati tupu, na rangi yako juu yake."

Akagonga kwa mpini wa bisibisi ili nisikie mwenyewe. Penye bati palilia. Penye pati palikuwa kimya. Rangi yangu ya kijani, niliyoipaka kwa siku mbili, ikakatwa pamoja na uozo, naye akachomelea bati jipya kwa siku tisa. Fedha tuliyomlipa tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya paa la choo.

Nami nikafungua mito ili nianike sufi. Niliimwaga juu ya jamvi uani, jua likiwa kali, nikaingia ndani kugeuza samaki. Upepo wa bahari ukaja. Nilipotoka, ua wote ulikuwa mweupe. Sufi ilishika kwenye mwembe, kwenye nguo za kamba, kwenye nywele za watoto waliokuwa wakiikimbiza wakicheka, na kwenye chungu cha jirani kilichokuwa wazi na mchuzi wa nazi. Nilimpelekea jirani samaki wangu wote na kumwomba radhi. Alipokea, akanirudishia kikapu cha sufi aliyoiokota.

Siku hiyo hiyo mama mkwe akafika kutoka Pangani. Alivitazama vipande viwili vya kanga vilivyokuwa vikikauka kambani, akavigusa.

"Mwanangu, hii si niliyokutunza mimi, siku ya arubaini ya mjukuu wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kanga hukatwa kutenga doti. Maneno hayakatwi."

Nilikosa la kusema. Niliitazama rangi, sikuyasoma maneno. Aliomba sindano na uzi, akakaa mlangoni mwa kombi, miguu ikigusa chini, akashona kipande kwa kipande. Akishona alinihadithia jambo ambalo hata mwanawe hakuwa akilijua. Yeye aliletwa Tanga kama bi harusi ndani ya kombi, kwa barabara ile ya vumbi, na somo yake na wanawake tisa. Alikuwa amefunikwa tangu kwao mpaka ukweni, hakuona njia wala minazi. Aliisikia injini tu, nyuma yake, ikitatarika kama cherehani.

Kanga ile sasa imetundikwa nzima, kati ya kitanda na meza. Mshono unapita katikati ya neno.

Mwezi uliofuata fundi wa injini alikuja na kijana wake. Kijana aliuliza maji ya rejeta yanatiwa wapi, akaonyeshwa feni: injini hii hupozwa kwa upepo. Walihangaika mpaka alasiri. Mama mkwe alikuwa amejilaza ndani, kama afanyavyo kila akija, wala hawakumwamsha. Ghafla ikawaka, moshi, kelele, kuku wakatawanyika. Nilikimbilia mlangoni nikidhani ameshtuka.

Alikuwa ameketi wima, upande wa kanga juu ya kichwa, macho ameyafumba.

"Mama, wazime?"

"Mwambie aiache kidogo."