Bi Harusi Aliyefuga Simba

Ujanani nilidhani The Plains of Passage ni riwaya ya wanyama. Nilikipenda kitabu hicho kwa mamothi wake, kwa vifaru wake wenye manyoya, kwa farasi wawili waliofugwa kabla binadamu mwingine hajawaza kufuga farasi, na kwa mbwa mwitu mtiifu kuliko watoto wengi ninaowafahamu. Mambo ya ukoo na utambulisho niliyaruka. Nimekirudia ukubwani, ndani ya basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, nikiwa katika ujumbe wa kupeleka posa ya mdogo wangu, na siti ya pembeni amekaa Shangazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hii ni riwaya ya ukweni. Wanyama ni mizigo tu.

Kwa asiyeijua, mwandishi ni Jean Auel wa Marekani, na kitabu kilitoka mwaka 1990, kikiwa cha nne katika mfululizo alioufungua mwaka 1980. Kijana Jondalar anampeleka mchumba wake Ayla kwao. Safari inaanzia kwa wawindaji wa mamothi, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, inaufuata mto Danube kinyume cha mkondo, inavuka nyanda za barafu, hadi kusini-magharibi mwa Ufaransa. Danube peke yake una urefu wa kilomita 2,850 hivi. Wanatumia karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo wote hakuna mzee hata mmoja aliyetangulizwa na barua.

"Ya lini hayo?" aliuliza Shangazi tulipokuwa tunaipita Chalinze.

"Kama miaka 30,000 iliyopita."

"Watu wa juzi," alisema, akarekebisha kanga mabegani. Shangazi ni mwalimu mstaafu wa historia. "Sisi tumetembea Laetoli miaka milioni 3.6 iliyopita, nyayo zipo mpaka leo, na hatukuwa na farasi."

Nikadhani yameishia hapo. Kumbe Shangazi alikuwa ameshavaa miwani yake ya kusomea na anafuatilia ukurasa kwa mbali, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Wanaokijua kitabu hiki wanajua hatari yake. Auel anaweza kutumia kurasa nyingi kueleza majani ya nyika, aina kwa aina, mpaka ukapata usingizi wa haki. Kisha bila kupiga honi, wapenzi wanapiga kambi, na kinachofuata kinaelezwa kwa umakini uleule alioutumia kwenye majani. Tulikuwa tunaingia Morogoro kambi ilipopigwa. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Umeruka," alisema Shangazi.

"Ni mambo ya majani tu, Shangazi."

"Majani nimeyaona. Rudi."

Nikarudi. Nikatazama nje, nikaihesabu milima ya Uluguru kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana katika familia yetu. Nyuma ya shingo yangu Baba Mdogo akauliza kuna nini, Shangazi akamjibu kuwa ni historia. Baada ya kilomita kadhaa alitoa maoni yake: wale vijana hawana tatizo lolote, ila kila wakipiga kambi ni yaleyale, na kwa mwendo huo si ajabu safari imekula mwaka.

Dodoma konda alitangaza dakika kumi za kuchimba dawa. Shangazi hakushuka. Alitaka kwanza wasifu wa bi harusi, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa njiani kwenda kuulizwa wasifu wa mtu. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyomwonea huruma Jondalar.

Ayla ni yatima. Tetemeko la ardhi lilimwondolea wazazi, akalelewa na Waneanderthali, ambao ukweni anakokwenda wanahesabiwa kuwa wanyama. Kwa walezi hao aliacha mtoto wa kiume, na baba wa mtoto huyo ni mmoja wao. Anajua dawa za mitishamba, anarusha kombeo haikosi, anaendesha farasi, na anatembea na mbwa mwitu. Kuzungumza na wazee wa kule alikolelewa ni kwa ishara za mikono.

"Mpaka hapo," alisema Shangazi, "tunaweza kuzungumza. Yatima ana baraka zake, na mtoto ni mtoto. Kijana naye vipi?"

Kijana ana macho ya buluu, fundi wa kuchonga mawe, mama yake Marthona aliwahi kuwa kiongozi wa pango lao. Alipoondoka nyumbani aliacha mchumba mwingine, Marona, aliyekuwa akingojea wafungishwe ndoa. Shangazi alivua miwani. Na aliondoka na mdogo wake, Thonolan, ambaye hatarudi, kwa kuwa aliuawa na simba njiani.

"Maskini. Simba wa porini?"

Hapa nilisita. Tangu ujana wangu nilikuwa nimelisoma jambo hili kama bahati mbaya ya hadithi. Kulitamka mbele ya shangazi, katika msafara wa posa, kulilipa uzito wake.

"Simba huyo," nikasema, "alilelewa na bi harusi. Tangu akiwa mdogo. Alimlisha mwenyewe."

Basi zima la ujumbe wetu likanyamaza. Baba Mdogo, ambaye tangu Morogoro alikuwa akijifanya amelala, aliinuka.

"Yaani," alisema Shangazi polepole, "anakwenda kwa mama mkwe, mkononi ana mkoba, nyuma ana mbwa mwitu, na simba wake ndiye aliyemuua shemeji?"

"Ndiyo."

"Mshenga wao ni nani?"

"Hawana."

"Hawana mshenga!" Hilo ndilo lililomkera kuliko simba.

Gari liliharibika Singida, usiku, mahali penye upepo usio na adabu. Dereva aliingia chini ya basi na tochi ya simu, akatoka bila majibu. Abiria wakataka moto. Mimi, kwa kuchangamsha baraza, nikasimulia kuwa Ayla aliwasha moto kwa kugonganisha gumegume na jiwe lenye madini ya chuma, na kwamba Auel hakubuni tu mezani: alikwenda kujifunza kuwasha moto wa kale, kuchonga mawe na kulainisha ngozi, na akajifunza hata kujenga pango la theluji. Kijana mmoja kutoka siti za nyuma alivutiwa kuliko nilivyotarajia. Singida ina mawe ya kila umbo. Alichagua mawili, akagonga, akagonga tena, akatoa cheche mbili na ukucha mmoja. Konda alitusogelea, akatuangalia wote kwa zamu, akatoa kiberiti mfukoni. Kwa muda wote ule alikuwa akidhani ni ibada.

Kando ya moto ule Shangazi alitaka kujua mwisho. Nikamwambia ukweli: kitabu kinafungwa mara tu wanapofika. Mama mkwe alisema nini kuhusu mbwa mwitu, Marona alipokea vipi, hayo yako katika kitabu cha tano, nacho kilitoka mwaka 2002. Wasomaji waliachwa mlangoni mwa ukweni miaka 12. Shangazi alitafakari, akasema kwamba kumbe mwandishi huyo anaijua kazi yake, kwani hata posa ya mama yangu haikujibiwa haraka.

Bukoba tulifika tumechoka, tumevaa vumbi, lakini tuna mshenga. Tukakaribishwa sebuleni, tukapewa ndizi na samaki, na baada ya salamu ndefu mzee wa upande wa pili akauliza kama tuna swali lolote kuhusu binti yao kabla barua haijafunguliwa. Kwa kawaida ujumbe hujibu kwamba hauna. Shangazi alikohoa.

"Moja tu, ndugu zangu. Binti amewahi kufuga mnyama?"

Wenyeji wakatazamana. Mama wa binti akajibu kwa tabasamu kwamba amefuga paka.

Shangazi aliweka kikombe chini, akainua kiganja kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, kisha usawa wa kiuno.

"Paka wa kimo gani?"